Magazeti ya Kufungia Mihogo

Juma lililopita nilikabidhi ufunguo wa kibanda cha magazeti hapa Newala kwa wadogo zangu wawili wa kazini, Hadija na Festo. Wakaniambia nisiondoke hivi hivi, niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa. Nadhani walitaka nasaha. Nasaha sina nyingi. Nitaandika niliyoyaona, na mapato sitayataja, kwa sababu yalikuwa madogo na hayakunifundisha kitu.

Kazi niliianzia Masasi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba Chilangala na kuokota korosho za baba misimu kadhaa, mpaka shangazi yangu aliyeolewa Masasi akasema kuna mzee stendi anatafuta mtu anayejua kusoma na asiyeona haya. Mzee huyo aliitwa Chitanda, wakala wa magazeti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye gazeti, akaniacha nimesimama mpaka alipofika mwisho wa ukurasa. Kisha akanipa gazeti lile nisome. Nikasoma kwa sauti ya darasani, kama vile mkaguzi yuko nyuma yangu. Nilipomaliza akalifunga, akaniuliza nimesoma nini. Maneno yote yalikuwa yamepita mdomoni yakaenda zake.

Siku ile sikuuza hata nakala moja. Nilikaa kwenye kreti la soda nikisoma habari moja tu, ya mafuriko ya nchi fulani ya Asia, mpaka nilipoweza kumsimulia bila kuangalia. "Gazeti usilolisoma usiliuze," aliniambia. "Mtu akikuuliza kuna nini leo, utamjibu kuna karatasi?" Nimewaudhi wauzaji wengi kwa maneno hayo ya Mzee Chitanda, na nitaendelea kuwaudhi.

Vifaa vyetu havikuwa vya kujivunia. Meza, turubai, kisu cha kukatia kamba za mafungu, mawe ya mtoni ya kukandamizia karatasi upepo ukija, na kitambaa kikavu cha kufutia vumbi jekundu. Mzee Chitanda alinifundisha kufuta gazeti kuanzia katikati kwenda pembeni, maana ukisugua huku na huku wino unahama na sura za watu zinakuwa zote za mtu mmoja. Alinifundisha pia kunusa fungu kabla ya kulifungua, kujua kama lilinyeshewa njiani. Magazeti yalikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na barabara ya kusini ya wakati ule mnaijua kwa kuhadithiwa. Masika ikikolea, gazeti la Jumatatu lilifika likiwa limezeeka, na wakati mwingine ya wiki nzima yalishuka kwa pamoja. Wateja hawakujali. Ambacho hujakisikia ni kipya, walisema, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo ambalo nitalieleza.

Baada ya kuolewa nilihamia Newala, na Mzee Chitanda akanikabidhi eneo la huku juu. Kibanda kilikuwa karibu na soko, na kwa bahati njema karibu na bomba la maji. Ninyi mmezaliwa mkiikuta shida ya maji ya Newala kwa hiyo mnaiona ni ya kawaida. Maji yalipandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na pampu ilikuwa na hasira za peke yake. Kina mama walipanga ndoo alfajiri na kusubiri. Mtu akisubiri maji hana pa kwenda, na mimi nilikuwa na magazeti ambayo wengi wao wasingeyanunua. Nikaanza kuwasomea. Nilisoma Kiswahili, nikaeleza kwa Chimakonde palipokuwa pagumu, na wao wakaulizana kwa lugha zote walizokuwa nazo.

Najivunia foleni ile kuliko kitu chochote nilichofanya. Siku moja kulikuwa na picha ya mji wa Ulaya uliofunikwa na theluji, na mama mmoja kutoka upande wa Tandahimba akataka kujua watu wale wanapanda nini. Nikamwambia kipindi kile hawapandi kitu. Akasema basi nao wana miezi ya njaa kama sisi. Kutoka hapo wakajadiliana Wazungu wanaweka wapi chakula chao, kama dari zao zina moshi wa kufukuza wadudu, na pampu ikaja kuwaka bila wao kujua. Fundi cherehani wa sokoni naye aliona picha ya harusi ya ng'ambo, akashona gauni lile lile kwa bibi harusi mmoja, mteja wake. Mbele lilipendeza sana. Nyuma picha haikuonyesha, kwa hiyo fundi akaweka alichofikiri, na shughuli nzima watu walizunguka kutazama mgongo wa bibi harusi.

Miaka ile ndipo mambo yalipofunguka. Zamani tulikuwa na gazeti la serikali na la chama, na yote mawili yalikuwa yakisalimiana. Ghafla yakaanza kushuka magazeti ya watu binafsi, yenye vichwa vya habari vikubwa, katuni za wakubwa wenye matumbo, na maneno ambayo awali yalisemwa kwa kunong'ona. Wateja walikuja wakishika gazeti jipya kwa ncha za vidole, wakiuliza kwanza ni la nani. Mzee Chitanda hakulala vizuri. Alipanda mpaka Newala kunitembelea, akayatandaza mezani, akanionyesha habari moja iliyoandikwa hivi hapa na vingine pale.

"Sasa mtu akiniuliza kuna nini leo," alisema, "nimjibu nini?"

Yule mzee alinifundisha kusoma gazeti, na sasa alikuwa ananiuliza mimi. Jibu nililipata baadaye, na aliyenipa hakujua kusoma.

Aliitwa Mama Adelina. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka na familia yake kukimbia vita vya kwao, akapata hifadhi kwa jamaa wa ukoo wake hapa Newala. Alikaanga mihogo pembeni ya soko, na magazeti yangu makuukuu ndiye aliyeyachukua kwa kufungia. Lakini alikuwa na sharti ambalo sijaliona kwa muuza mihogo mwingine. Mteja anayejua kusoma hakupewa mhogo mpaka amsomee karatasi atakayofungiwa. Mbele na nyuma. Wapo waliokasirika na kwenda kula vitumbua. Wengi walisoma, na taratibu pakawa na watu wanaokuja kwa ajili ya kusikiliza, ambao mhogo wenyewe waliununua kwa aibu ya kukaa bure. Wapagazi, walimu, waumini waliotoka msikitini na waliotoka kanisani, wote walisimama pale wakisubiri mafuta yachemke na dunia isomwe.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Akaniambia mume wake alikuwa amekaa huku nao salama kabisa, mpaka mchuuzi wa chumvi alipopita akisema kwao kumetulia. Mume akarudi kuangalia shamba. Hakuonekana tena, na wakakaa matanga bila kuuona mwili. Tangu hapo, alisema, neno la mdomo analisikiliza kama anavyosikiliza mvua ya mbali. Anataka kilichoandikwa.

Sasa nieleze kuhusu wavuta tumbaku. Wazee wa hapa walisokota tumbaku yao kwa karatasi ya gazeti, na mzee mvutaji halisi hasokoti popote tu. Anachana ukingo wa juu, kwenye weupe, kwa sababu wino unaharibu ladha. Hata mimi niliamini ni hasara ndogo. Ila kwenye ukingo ule wa juu ndiko kuliko na tarehe. Basi karatasi nyingi zilizofika sokoni hazikuwa na siku wala mwezi wala mwaka, na watu walizisoma kama habari za asubuhi ile. Nilikuta wanaume wakipongezana kwa ushindi wa timu ambayo msimu uliofuata ilikuwa imeshashuka daraja. Mzee mmoja alimlilia kiongozi wa nchi ya mbali ambaye tulikwisha kumlilia sote. Tulicheka, tukaona ni mambo ya Newala.

Halafu siku moja, jua kali, mikorosho ikiwa na maua na watu wakianza kusafisha mashamba kungojea mvua, Mama Adelina alikuja kibandani kwangu na kaka yake mkubwa, Anselmo. Mnajua kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na Wamakonde wa ng'ambo ni hivyo hivyo. Anselmo alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila alichoka kulima shamba la kuazimwa. Mkononi alikuwa na karatasi yenye doa la mafuta. Dereva mmoja alikuwa ameisoma pale kwenye mihogo, Anselmo akaidaka kabla haijafungiwa kitu. Mizigo alikuwa amekwisha kufunga. Alitaka wavuke kesho yake, wawahi kupanda kwao.

Mama Adelina aliilaza ile karatasi juu ya meza. "Soma, Mama Zuhura," aliniambia.

Nikasoma. Iliandikwa kwamba pande mbili za vita vya kwao zimekubaliana kusimamisha mapigano, na kwamba wananchi wameipokea habari hiyo kwa furaha. Kina mama wa foleni walikuwa wamesogea, na mmoja akaanza kupiga kigelegele, akaishia njiani alipomwona Mama Adelina hakutikisika.

"Umesikia," alisema Anselmo. "Dereva kasoma, huyu kasoma. Unataka nani tena asome?"

"Na nyuma pameandikwa nini?"

"Nyuma hakutuhusu."

"Soma nyuma, Mama Zuhura."

Nikageuza. Nyuma kulikuwa na tangazo la waumini kuhusu kuandama kwa mwezi, na chini yake maelekezo ya mama mmoja wa mjini ya kupika tambi za futari.

Mama Adelina aliuliza futari ya lini. Nikamtazama, naye akanitazama. "Mfungo ulikwisha siku nyingi," alisema polepole. "Mimi nilikaa na mihogo yangu mchana kutwa bila mnunuzi. Tangu hapo watu wamevuna, na sasa mikorosho ina maua."

Nikatafuta tarehe. Ukingo wa juu ulikuwa umechanwa, safi, kwa ukucha wa mtu anayejua kazi yake. Nikawaambia ukweli, kwamba karatasi inaweza kuwa ya mfungo uliopita au ya mwaka wa nyuma yake, na sina namna ya kujua.

Anselmo hakuwa mjinga. Alisema kama amani ilikubaliwa tangu wakati wa mfungo, basi ni heri zaidi, imeshakomaa. Wengine waliitikia, na kwa kweli hata mimi niliona ana hoja. Watoto wa Mama Adelina nilikuwa nimewafundisha kusoma vichwa vya habari kwa kidole, na niliogopa kusema neno ambalo lingewapeleka au kuwazuia.

Mama Adelina akajibu mwenyewe. "Kama walikubaliana tangu mfungo, kaka, hawa waliovuka juzi na miguu imevimba walikuwa wanakimbia nini?"

Watu wale tuliwaona sote. Walikuwa wamelala msikitini na kwenye ukumbi wa kanisa, na wengine walikuwa bado kwenye foleni ya maji pamoja nasi.

"Mimi ndiye mjomba wa watoto hawa," alisema Anselmo, kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, kaka. Na mimi ndiye niliyekaa matanga bila maiti. Siwezi kukaa mengine."

Hakuna mwanamke pale aliyewahi kumsikia mwenzake akimjibu kaka yake mkubwa hivyo mbele za watu. Anselmo aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka. Hakuvuka, maana bila dada yake asingeweza kuwachukua watoto, lakini kwa muda mrefu alikuwa akipita mbele ya kibanda changu akitazama upande wa pili. Nilielewa. Nilikuwa nimemsomea habari ya kumrudisha nyumbani, kisha nikamsomea tambi.

Siku ile ile nilianza utaratibu ambao Hadija na Festo mnaujua bila kujua ulikotoka. Makuukuu yote nayakata mwenyewe, na ukingo wa juu hauguswi. Wavuta tumbaku niliwatengea ukingo wa chini. Walilalamika kwamba hauvutiki vizuri, wakazoea. Mama Adelina naye akajifunza kusoma tarehe, hiyo tu kwanza, tarakimu na majina ya miezi. Alisema mengine yatakuja.

Amani yenyewe ilikuja mvua za kwanza zilipoanza. Basi lilifika limejaa tope, na magazeti matatu tofauti yalikuwa na picha ile ile ya watu wawili waliokuwa maadui wakishikana mikono. Mama Adelina aliacha mafuta motoni. Nikayalaza magazeti yote mezani kwa pamoja, bega kwa bega, na watu wakajaa mpaka barabarani. Safari hii alitangulia kuweka kidole juu ya kila moja, akasoma tarehe kwa sauti. Zilikuwa za wiki ile. Ndipo akaniruhusu niendelee.

La serikali lilisema amani imepatikana, likaishia kwenye hotuba. La watu binafsi lilisema ni kweli wametia saini, lakini askari wengi wako msituni na bunduki zao na haijulikani nani atawaambia watoke. La tatu, dogo, la watu wa dini, lilikuwa na habari fupi ukurasa wa ndani, kwamba njia nyingi za miguu zimetegwa mabomu ya ardhini, na wakimbizi wanaombwa wasubiri kuitwa. Nilipomaliza, mtu mmoja akauliza sasa tushike lipi.

Mama Adelina akasema tushike yote. Saini ipo, kwa sababu hata yanayopingana yamekubali kwamba ipo. Bunduki zipo. Na njia aliyoijua yeye kwenda kwao ni ya miguu. Alisema hivyo tu, kama mtu anayechambua mchele. Sauti iliyofuata ilitoka nyuma ya watu, na ilikuwa ya Anselmo. Aliomba nirudie ile ya mabomu. Nikarudia. Akasema, "Basi mwaka huu tupande hapa hapa." Dada yake akalia hapo, mbele ya watu wote, na mimi nikalia pamoja naye.

Nilipomsimulia Mzee Chitanda, alisema sasa atakuwa anawajibu wateja kwamba leo kuna matatu, kaa chini. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki.

Mama Adelina na watu wake waliondoka baada ya mavuno, kwa lori, pamoja na wenzao, kwa njia iliyokaguliwa. Niliwasindikiza mpaka ukingoni ambako nchi inaporomoka na bonde la Ruvuma linaonekana lote. Nilifurahi na niliumia. Baada ya hapo nilisoma kila kilichoandikwa kuhusu kwao, bure, maana magazeti yanaandika habari za nchi, hayaandiki kama Mama Adelina amefika. Wadogo zangu, hilo nalo mlijue. Lijueni na hili, kwamba simu zenu nazo zina wavuta tumbaku wake. Kila siku naona watu wakitumiana picha zisizo na siku wala mwezi, wakilia na kushangilia.

Misimu kadhaa ikapita tangu waondoke. Ilikuwa wakati wa kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, bendera kila kona, ndugu hawaamkiani, na kina mama wa foleni wakitaka niwasomee magazeti yote yanayotukanana. Akaja mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo, akaniuliza kama mimi ndiye Mama Zuhura. Akasema ametumwa na mama muuza mihogo wa kwao, anataka magazeti ya Kiswahili. Nikainama chini ya meza kumtolea makuukuu ya kufungia.

"Hapana," alisema. "Karatasi za kufungia anazo. Amesikia huku kwenu mmeanza kugombana. Anataka ya wiki hii, yote, ajue kama ninyi mko salama."